Picha Mbichi za Mhezi

Mdogo wangu Idrisa alikwenda Arusha siku nne kuhudhuria semina ya wapiga picha, akarudi Same akiwa hawezi tena kuongea na watu wa kawaida. Aliondoka kijana wa kupiga pasipoti na harusi katika studio yetu ndogo karibu na stendi. Alirudi na fulana yenye maandishi kifuani, cheti kilichokosea herufi moja ya jina lake, na habari kwamba kwa miaka sita yote tumekuwa tukiwaibia wateja.

"Tumewaibia nini?" nikamuuliza. Nilikuwa namkatia mzee mmoja wa Lembeni picha zake nne za leseni.

"Mwanga," akasema.

Mzee wa Lembeni akajipapasa mifuko.

Ikabidi nielezwe, na kwa kuwa mzee alikuwa amekalia kiti chetu cha pekee cha wageni, naye akaelezwa. Kamera, akasema Idrisa, ina njia mbili za kuhifadhi picha. Ya kwanza ni hii yetu ya siku zote, JPEG. Kamera inapiga, inaamua yenyewe weupe uwe kiasi gani na kivuli kiasi gani, inaibana picha iwe nyepesi, na chochote ilichoona hakina maana inakitupa. Ya pili inaitwa RAW, yaani mbichi. Hiyo haitupi kitu. Inakuwekea kila ilichokiona, kisha wewe unakwenda kukipika mwenyewe kwenye kompyuta.

"Ni kama makande, dada. JPEG ni makande yaliyokwisha kuiva. Chumvi ikizidi, imezidi. RAW ni mahindi na maharage bado yako kwenye ungo. Utapika unavyotaka."

"Na mteja mwenye njaa?"

"Anasubiri."

"Mimi naomba zangu zilizoiva," akasema mzee wa Lembeni, akachukua picha zake nne akaenda zake.

Hapo niseme jambo moja kuhusu kazi yetu, maana semina ya Arusha haikuligusa. Mjini Same kila mtu ana simu na kila mwenye simu ni mpiga picha. Kinachotuweka hai ni milimani. Tunapanda huko siku za sherehe na printa ndogo, ukubwa wa mkate wa boflo, unachomeka kadi ya kamera na picha inatoka hapo hapo, mtu anarudi nyumbani nayo mkononi. Watu wa milimani hawaamini habari ya "nitakuletea". Walishaahidiwa lami kwa maneno hayo hayo.

Wiki moja baada ya semina akanipigia Mama Fortunata, mwenyekiti wa kamati ya Komunyo ya Kwanza katika kigango kimoja huko Mhezi. Watoto thelathini na mmoja. Picha za kila mtoto mlangoni pa kanisa, zitoke siku ile ile.

"Zitatoka, mama," nikamwambia.

"Mwaka jana alikuja kijana wa kwingine, akasema zitatoka. Zilitoka Krismasi."

"Sisi si kama yeye."

"Haya. Tutaona nyie ni kama nani."

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilimwambia Idrisa kwa Kiswahili kinachoeleweka: kesho hakuna ungo, hakuna mahindi, weka kamera kwenye JPEG. Akajibu, "Sawa, dada." Nilipaswa kujua. Idrisa akisema sawa bila kubisha, mahali fulani kuna kitu kinaungua.

Tulipanda kwa pikipiki yake alfajiri, printa nimeipakata kama mtoto mchanga, na tukafika tukiwa na tope mpaka masikioni. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Mama Fortunata alikuwa mbele ya kanisa, mwanamke mpana mwenye daftari, anakagua watoto mstari kwa mstari. Kamati yake ilikuwa imepitisha kwamba magauni ya wasichana yawe meupe matupu. Mwaka uliotangulia watu walishindana kwa lesi na shanga na riboni, maskini wakaona aibu, na mtoto mmoja alivaa taji lililowaka taa. Kwa hiyo mwaka huu ni jeupe tupu, basi. Nilimwona akimvua binti mmoja ua la nywele na kulitia mfukoni kana kwamba ni kisu.

Mwisho wa mstari alisimama bibi mmoja mwembamba, fimbo mkono mmoja, mkono mwingine begani kwa mjukuu wake. Mtoto aliitwa Justa, miaka kumi, meno ya mbele makubwa. Gauni lake lilikuwa jeupe, refu, la kawaida kabisa. Mama Fortunata akalitazama juu mpaka chini.

"Bibi Koleta, safari hii umetii."

"Mimi tena," akasema bibi. "Kuna mtu gani mwingine anayetii hapa?"

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku akinielekezea sikio badala ya macho, na ndipo nikaona ukungu mweupe uliotanda kwenye mboni zake zote mbili.

Misa ilianza saa tatu. Sisi ni Waislamu, lakini tumepiga picha makanisani mara nyingi kuliko baadhi ya Wakristo walivyosali, na tunajua mahali pa kusimama. Nilisimama pembeni na kamera yetu ya zamani, kama akiba. Idrisa hakusimama pembeni. Alichuchumaa, akapanda benchi, mara moja akalala kifudifudi katikati ya njia, padri akainua kanzu akamruka bila kukatiza sala. Nadhani alikuwa amezoea mbuzi.

Watoto walipotoka nje, ukungu ulikuwa umepasuka na jua la saa sita linamulika magauni mpaka yanaumiza macho. Idrisa akawasimamisha mlangoni mmoja mmoja, nusu kivulini. Kila alipopiga nami nikapiga, kwa kamera yangu ya JPEG iliyoiva, nikajisikia vizuri sana moyoni. Nilikuwa mtu mzima niliyeona mbali.

Tukaweka meza chini ya turubai. Umeme ulikuwa umekatika tangu Alhamisi, lakini katekista Melkizedeki akawasha jenereta ya vipaza sauti, akachomeka printa yetu kwa heshima kana kwamba anawasha taa ya altare. Wazazi wakapanga foleni. Nikachomeka kadi ya Idrisa. Printa ikafikiri. Kisha kioo chake kikaandika kwamba kwenye kadi hakuna picha.

Nikaichomoa, nikaipuliza, nikairudisha. Hakuna picha.

"Idrisa."

Alikuwa anaitazama milima kwa mapenzi makubwa ya ghafla.

"Idrisa, umepiga kwa nini?"

"Dada, na huu weupe na huu weusi pamoja, JPEG isingeweza. Mwalimu alisema..."

"Printa inasoma nini?"

"JPEG peke yake."

"Na kompyuta iko wapi?"

"Studio."

Studio iko Same. Mama Fortunata alikuwa amesimama nyuma yetu na daftari lake, na alikuwa amesikia yote.

"Kwa hiyo picha zipo," akasema.

"Zipo, mama," akasema Idrisa. "Zipo zote, tena bora sana. Ila ni mbichi. Zinataka kupikwa kwanza." Na, Mungu anisamehee ndugu huyu, akamweleza habari ya makande.

Mama Fortunata akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia wazazi. "Jamani, mpiga picha katuletea mahindi na maharage. Mwenye chungu na aje mbele."

Walicheka, lakini si kicheko cha kukufanya ujisikie nyumbani. Mzee mmoja akasema jambo kwa Chasu, Kipare chao, kuhusu watu wa tambarare. Mimi Chasu nakielewa vizuri kuliko sura yangu inavyoonyesha.

Sasa ukawa wakati wangu. Nikatoa kadi yangu ya akiba kwa utulivu mkubwa, nikasema, "Msihofu, mimi nilipiga zilizoiva," nikaichomeka. Printa ikaguna, ikaanza kutema picha. Ya kwanza kutoka ilikuwa ya Justa.

Nilitaka kuificha lakini bibi yake alishaishika. Uso wa mtoto ulionekana vizuri, nilikuwa nimeongeza mwanga kwa ajili ya uso. Lakini kuanzia shingoni kwenda chini palikuwa na weupe tu. Hapakuwa na mkunjo wala mshono. Ilikuwa kama kichwa cha Justa kimewekwa juu ya shuka lililoanikwa. Ikatoka ya pili, vivyo hivyo. Ya tatu, vivyo hivyo.

"Huyu ni mwanangu," akasema mama mmoja akiishika ya kwake kwa vidole viwili, "au ni kopo la maziwa lenye uso?"

Bibi Koleta hakucheka. Aliisogeza picha mpaka ikagusa pua, akaipeleka kwenye nuru, akairudisha. "Maua yako wapi?"

"Maua gani, bibi?"

Akanivuta kando ya turubai, akamwita Justa, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye bega la lile gauni. Nikayaona kwa vidole kabla sijayaona kwa macho. Maua madogo, ya mkono, kushuka begani mpaka kiunoni na kuzunguka pindo, kila ua na petali zake tano nyembamba na majani pembeni. Maua ya kahawa. Yalishonwa kwa uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe, ukiwa hatua tatu huoni kitu.

"Walisema jeupe tupu," akanong'ona. "Haya, ni jeupe. Nimeshona miezi mitano. Daktari ameniambia jicho hili limeshaondoka na hili linafungasha. Sitashona lingine. Nilitaka yawe kwenye picha, maana kitambaa kitaliwa na mende." Akanirudishia ile picha taratibu. "Nanyi mmeyafuta."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejibu, mimi sijawahi kukosa jibu. Nilisimama pale na shuka langu lenye kichwa cha mtoto.

Nikaenda kumtafuta Idrisa. Nilimkuta nyuma ya sakristia, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kofia imemfunika macho.

"Ulisema hiyo mbichi yako haitupi kitu."

"Haitupi."

"Nionyeshe."

Akaitafuta picha ya Justa kwenye kioo cha kamera. Ilikuwa nyeusi kama imepigwa ndani ya gunia. "Nilipunguza mwanga makusudi," akasema haraka, "ili weupe usiungue. Giza unaweza kulipandisha baadaye. Kilichoungua hakirudi." Akavuta gauni karibu, karibu zaidi. Nami nikayaona, yamefifia lakini yamo, begani, kiunoni, kwenye pindo.

Sikumwambia kwamba alikuwa sahihi. Kuna mambo mtu hamwambii mdogo wake akiwa juu ya ndoo.

"Haiwezi kupikwa humu humu ndani ya kamera?"

"Kuna sehemu kwenye menyu," akasema bila kunitazama. "Unaifungua moja moja, unarekebisha kidogo, inakutolea JPEG pembeni. Lakini mwalimu alisema hiyo ni ya wanaojifunza."

"Na sisi ni nani, Idrisa? Sisi ni maprofesa? Lete hapa."

Tukarudi mezani. Tulianza saa nane na nusu. Idrisa anafungua picha, anapandisha giza la uso, anauzuia weupe mahali pake, anaongeza ukali kidogo ili nyuzi zionekane, anabonyeza, tunasubiri kamera ikitafuna, mimi nachukua kadi naipeleka kwenye printa, naichomoa, namrudishia. Dakika nne, tano kwa mtoto. Foleni haikusogea, ila haikuondoka pia. Watu walileta viti. Melkizedeki alikwenda mara mbili kutafuta petroli. Mama Fortunata akatuletea sahani mbili za makande ya moto, akaziweka mbele yetu akasema, "Haya yameiva. Nimeona niwaonyeshe yanavyokuwa." Tukala. Yalikuwa matamu, na hilo nalo liliuma.

Hapo ndipo tulipogundua upande ambao semina haikuusema. Kitu kisichotupa chochote, hakitupi chochote kweli. Picha ya Paschal, mtoto wa mwenye duka, ilionyesha doa la maharage kwenye shati ambalo mama yake alikuwa amelifunika kwa poda asubuhi, na ilionyesha poda pia. Gauni la binti mwingine lilionyesha kwa ufasaha kabisa maandishi ya gunia la unga lililoshonewa kwa ndani. "Hii kamera ni mbea," akasema mama Paschal. Idrisa akazipunguzia ukali hizo mbili. Alishaanza kujifunza.

Picha ya Justa niliihifadhi mwisho, nikitumaini wengine watakuwa wameondoka. Hakuna aliyeondoka. Ilipotoka, mimi mwenyewe niliinama kuitazama. Mtoto alikuwa amesimama nusu kivulini, meno yake makubwa nje, na begani mpaka miguuni lilimshuka tawi zima la mbuni lililochanua, kila petali na kivuli chake chembamba. Kwenye picha yalionekana kuliko kwenye gauni lenyewe.

Mama Fortunata akainyakua kabla sijaisogeza. Akaitazama. Akamtazama Justa, akamsogelea, akainama mpaka kwenye pindo. Akainuka.

"Bibi Koleta!"

"Nipo."

"Kamati ilisemaje?"

"Ilisema jeupe."

"Ilisema jeupe *tupu*!"

"Sasa niambie, mwenyekiti, hayo maua ni rangi gani?"

Mama Fortunata akafungua daftari, nadhani kwa mazoea tu, akalifunga. Nikamwona akitafuta kosa kwenye ile picha na kuona kila mara ua lingine. Wanawake wakaanza kuja mmoja mmoja kushika lile gauni, wengine wakiwa wamekaa benchi moja na Justa asubuhi nzima na hawakuona kitu. Mmoja akauliza ni mshono gani. Bibi Koleta akasema hamfundishi mtu akiwa amesimama, amletee kiti. Akaletewa. Aliyeleta kiti kile alikuwa Mama Fortunata mwenyewe, na alipokuwa anakiweka chini nilimsikia akisema taratibu, "Ungeniambia tu, bibi."

"Ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi."

Tulilala Mhezi siku ile, kwa katekista, kwa sababu giza na ile barabara havipatani. Asubuhi tukashuka. Njiani Idrisa aliongea kuanzia kanisani mpaka lami, akinieleza jinsi RAW ilivyowaokoa watu wa Mhezi, na jinsi ambavyo yeye tangu mwanzo alikuwa na mpango. Nilimwacha. Upepo ulichukua nusu ya maneno, na ile nusu nyingine niliipuuza mwenyewe.

Siku tatu baadaye alinijia studio macho yamemtoka. Amegundua jambo kubwa. Kwenye menyu ile ile, mstari wa tatu, kuna mahali unaambia kamera ihifadhi zote mbili kwa mpigo mmoja, mbichi na iliyoiva, ukachapishe hii hapo hapo na ile ukae nayo. Ilikuwepo tangu tulipoinunua kamera. Akaniuliza kama nadhani anapaswa kuwaandikia watu wa Arusha kuwajulisha. Nikamwambia awaandikie, na wakati huo huo wamrekebishie jina kwenye cheti. Tangu siku hiyo tunapiga zote mbili. Kadi zinajaa upesi na Idrisa amegeuka mtu wa kufuta picha akiwa kwenye foleni ya chakula sherehani, lakini printa haijatuambia tena kwamba hakuna kitu.

Mwezi uliofuata tuliipika picha ya Justa upya kwenye kompyuta, kubwa, tukaitia fremu, tukampelekea Bibi Koleta nyumbani kwake. Alikuwa barazani na wasichana wanne na mama mmoja mpana mwenye daftari, kila mmoja na sindano na kitambaa. Mama Fortunata alikuwa anashona vibaya sana. Alipotuona akasema, "Hee, leo mmekuja na chungu," akarudi kwenye sindano yake na kujichoma.

Bibi akapokea fremu, akapitisha kiganja juu ya kioo chake kilichokuwa laini, akatikisa kichwa. Kwa macho yake sidhani kama aliona zaidi ya ukungu wenye umbo la mtu.

"Wewe kijana," akamwambia Idrisa, "nihesabie maua."

Idrisa akapiga goti, akahesabu kwa kidole, polepole, kutoka begani mpaka kwenye pindo. "Hamsini na saba, bibi."

"Ni sitini na tatu. Hesabu tena."

Akahesabu tena, pua yake ikiwa karibu kugusa kioo. Akaja na hamsini na saba.

"Sita yako mgongoni," akasema bibi. "Kumbe hiyo mbichi yako nayo haifiki mgongoni? Justa! Vaa gauni uje usimame hapa uwape kisogo. Na nyie washeni kamera yenu."

Idrisa akalifungua begi. Nilimwona akiinamia ile menyu, mstari wa tatu, akihakikisha mara mbili.